Mwanao akishika kinasa sauti

“Leo asubuhi umekunywa chai na nini?”

Waandishi wengi wa redio humuuliza hivyo mtu wanayekwenda kumhoji, kabla ya swali lolote la maana. Jibu halirushwi hewani. Wakati mtoto anataja chapati na maharage, mwandishi anatazama kinasa sauti aone kama sauti ni kubwa mno au ndogo mno. Na mtoto aliyekuwa amejikunyata kwa woga hushtukia ameshaanza kuzungumza.

Kama una kijana nyumbani anayejibu “sijui” kwa kila swali, utakubali mbinu hii ina thamani.

Mwaka 2019 NPR, shirika la redio ya umma la Marekani ambalo vipindi vyake husikika katika vituo vya nchi nzima, liliwafungulia wanafunzi shindano la podikasti, yaani kipindi cha sauti ambacho mtu husikiliza kwenye simu muda autakao. Zilipokelewa karibu 6,000. Kwa shule za kati, walioshinda ni wasichana wa Bronx, New York. Mada yao ilikuwa hedhi, na kichwa cha kazi yao kilianza na “Sssh!”, ule mlio wa kumnyamazisha mtu. Walizungumzia aibu na kunong’ona kunakolizunguka jambo hilo.

Mzazi mwenzangu, ungemruhusu binti yako? Katika nyumba nyingi za kwetu, shangazi humwita binti chumbani, wanaongea dakika tano, mlango unafunguliwa, yamekwisha. Baba haulizwi, kaka hatakiwi kujua.

Redioni, kazi ya namna hiyo huanza na mhariri kumbana mwandishi: habari yako ni ipi, na imempata nani? Hedhi ni mada tu. Msichana anayekosa masomo siku tatu kila mwezi kwa sababu choo cha shule hakina maji, hapo pana habari. Pana mtu wa kumsikiliza, mwalimu mkuu wa kuulizwa, na choo cha kwenda kukitazama kwa macho.

Washindi wa sekondari, kutoka Tennessee, walichukua kisa cha 1916. Tembo wa sarakasi aliyeitwa Mary alimuua mtunzaji wake, akanyongwa kwa kreni ya reli katika mji mdogo wa Erwin. Zaidi ya miaka mia moja baadaye, mji bado unajulikana kwa tembo huyo. Vijana wakaamua kuangalia pia namna wakazi wa leo wanavyojaribu kujinasua na doa hilo. Kisa kilisimuliwa mara nyingi. Swali la leo ndilo lililokifanya kiwe habari.

Mahojiano ya saa nzima yanaweza kutoa vipande vitatu tu vya sekunde chache, maana habari yote huenda ni dakika nne. Kabla ya kuondoka, mwandishi huwaomba waliopo wanyamaze kwa muda, arekodi ukimya wa chumba. Kila chumba kina ukimya wake: feni, friji, jogoo wa jirani. Baadaye ukimya huo huziba mahali vipande vilipounganishwa. (Waambie watoto wanne wa nyumba moja wanyamaze dakika nzima, uone kazi.)

Kisha anamsomea mhariri habari yake kwa sauti. Mhariri hufuata kwa masikio, kwa sababu anayekaanga maandazi huku redio inaongea hawezi kurudi nyuma kusoma upya. Sentensi ikimpotea mhariri, inakatwa.

Nyumbani simu inatosha. Kabati la nguo ni studio nzuri, maana nguo humeza mwangwi. Hata watangazaji wa NPR walirekodia makabatini korona ilipofunga ofisi mwaka 2020.

Kinachohitaji jicho lako ni kingine. Miongozo ya NPR yenyewe inataka idhini ya mzazi au mlezi pale mtoto wa chini ya miaka 18 anapohojiwa kuhusu jambo nyeti. Nyumbani, mlezi ni wewe na mhariri ni wewe. Sauti ya mtoto wa miaka 13 ikishatumwa kwenye kundi la WhatsApp la darasa, hairudi.

Kwa hiyo sikilizeni pamoja kabla haijatumwa, mwanzo hadi mwisho. Akisema “kila mtu anajua kwamba...”, msimamishe umuulize nani kamwambia, na huyo naye alijuaje. Usimwandikie maneno, yakiwa yako, wenzake watajua kwa sentensi ya kwanza. Na kama amemtaja rafiki yake, muulize kama rafiki huyo amekubali na kama mama yake anajua. Bila hivyo, jina litoke au rekodi ibaki nyumbani.