Mashimo Meusi Yakiungana, Mwanga Hutoka Wapi?

Mto Tana ukishapita Balambala, karibu kabisa na ikweta, huteremka hadi Garissa kisha humwaga maji yake katika ghuba ya Ungwana. Katika ghuba hiyohiyo, kwenye jukwaa la Waitalia la San Marco, tarehe 12 Desemba 1970 ilirushwa setilaiti ya kwanza duniani iliyoundwa mahususi kutafuta eksirei za angani. Kenya ilikuwa ikiadhimisha miaka saba ya kujitawala, na setilaiti ikaitwa Uhuru.

Uhuru ilichangia sana kutambua kwamba Cygnus X-1 ina shimo jeusi. Shimo lenyewe halitoi mwanga, kwa sababu uvutano wake hauachii hata nuru. Kinachong'aa ni gesi inayovutwa kutoka nyota jirani: huzunguka kwa kasi, husuguana, hufikia joto la mamilioni ya digrii na kutoa eksirei.

Basi mashimo mawili yakiungana, gesi ya kuwaka itatoka wapi? Kwa kawaida hakuna. Tarehe 14 Septemba 2015 mitambo ya LIGO, Marekani, ilinasa kwa mara ya kwanza mawimbi ya uvutano ya tukio kama hilo. Setilaiti ya Fermi ikaripoti mmweko hafifu wa miale ya gamma sekunde 0.4 baadaye, lakini setilaiti ya Ulaya ya INTEGRAL haikuuona.

Dalili iliyozua mjadala mkubwa ilifuata tukio la 21 Mei 2019, pale mashimo yenye uzito wa takriban Jua 85 na 66 yalipoungana. Wiki kadhaa baadaye, darubini ya Palomar, California, iliona kitovu cha galaksi moja kikizidi kung'aa. Mwanaastronomia Matthew Graham na wenzake walieleza hivi: huenda muungano ulitokea ndani ya sahani ya gesi inayolizunguka shimo kubwa zaidi la galaksi hiyo. Shimo jipya likasukumwa kando, likapasua gesi na kuipasha moto. Maelezo hayo yananivutia, ila vitovu vya aina hiyo hupanda na kushuka mng'ao vyenyewe, kwa hiyo ushahidi bado hautoshi.

Tangu 2004, data za Swift, setilaiti inayogeuka upesi kufuata mimweko ya miale ya gamma, zimekuwa zikiteremshwa kupitia kituo cha Malindi. Walimu wa sayansi wa Balambala, ambako wafugaji wamesoma misimu kwa nyota vizazi na vizazi, wapelekeni wanafunzi wakakione.