Darizi Bila Fundo, Nyuma Iwe Safi Kama Mbele

Akina mama wanapoonyeshana vitambaa walivyodarizi, kwanza huyasifu maua na rangi zake. Kisha mmoja wao hukigeuza kitambaa kutazama nyuma, na mara nyingi hapo ndipo sifa hupungua. Nyuma kumejaa mafundo, ncha za nyuzi zinaning'inia, na nyuzi nyingine zimeruka kutoka ua hadi ua kama kamba za kuanikia nguo.

Wapo wasemao, "Nyuma nani ataona?" Kwa kazi ya kutundika ukutani huenda ni kweli. Lakini vitu vingi tunavyodarizi havitundikwi. Ni foronya, vitambaa vya meza, shali za watoto wachanga na soksi zao. Katika vitu hivyo upande wa nyuma ndio unaogusa ngozi, nao ndio unaoamua kama kazi itadumu.

Ubaya wa fundo

Mshono wa msalaba ni mshono rahisi kuliko mingi: mishono miwili midogo inayokatana katika mraba mmoja. Ukiupiga kwa mpangilio, uzi hujishika wenyewe. Fundo halihitajiki, tena lina hasara zake. Ukipiga pasi, hutokeza mbele kama kipele. Kitambaa kikiwa na vitundu vikubwa, fundo hupenya likaja juu, na mishono yote ikalegea. Likifunguka katika kufua, maua huanza kufumuka.

Sisi wauguzi hufundishwa mapema kwamba fundo la bandeji lisikae juu ya kidonda, na kwamba shuka la mgonjwa asiyeweza kujigeuza linyooshwe lisiwe na mikunjo. Kitu kidogo kikigandamiza ngozi kwa muda mrefu huleta madhara makubwa. Ndivyo ilivyo kwa foronya yenye mafundo chini ya shavu la mgonjwa au la mtoto.

Andaa vifaa vyako

Kitambaa rahisi kwa anayeanza ni kile kilichofumwa kwa vitundu vilivyojipanga. Kinachotumika sana kina vitundu 14 katika inchi moja. Usipokipata, kitambaa cha pamba cha drafti chenye miraba midogo kinafaa sana: kila mraba unapata msalaba mmoja.

Kwa kitambaa chenye vitundu tumia sindano butu, kwa sababu sindano kali huchana nyuzi za kitambaa na kuzitoboa za mishono jirani. Kwa kitambaa cha drafti, ambacho hakina vitundu, tumia sindano yenye ncha kali.

Uzi wa kudarizi umeundwa kwa nyuzi ndogo 6 zilizolala pamoja. Usizitumie zote mara moja. Kwa vitundu 14 katika inchi, nyuzi ndogo 2 zinatosha. Kata uzi wenye urefu wa dhiraa moja, yaani kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole cha kati, karibu sentimita 45. Uzi mrefu zaidi hujisokota, huchakaa kwa kupita tunduni mara nyingi, na hujifunga. Vuta nyuzi ndogo moja moja kwenda juu huku umeshika zilizobaki, kisha zilaze tena mbili pamoja. Ukizivuta mbili kwa mpigo zitasongamana.

Njia tatu za kuanza

Njia ya kwanza ni ya kitanzi. Chukua uzi mdogo mmoja wenye urefu wa dhiraa mbili na uukunje katikati. Pitisha zile ncha mbili pamoja katika tundu la sindano, ili kitanzi kibaki upande wa mwisho. Toboa kutoka nyuma kuja mbele, lakini acha kitanzi kidogo nyuma. Piga nusu ya msalaba wa kwanza, rudisha sindano nyuma, uipitishe ndani ya kitanzi na uvute taratibu. Uzi umeshikwa bila fundo. Njia hii inafaa pale unapotumia nyuzi ndogo 2 au 4.

Njia ya pili ni ya kulaza mkia. Toboa kutoka nyuma na uache mkia wa sentimita 3 au 4. Ushike kwa kidole, ukiulaza kuelekea upande unakoshona. Mishono mitano ya kwanza ipite juu yake na kuubana. Geuza kitambaa uhakikishe umebanwa, kisha kata kilichozidi.

Njia ya tatu ni ya fundo la muda, nayo huwasaidia wale ambao vidole vyao bado havijazoea. Piga fundo mwishoni mwa uzi, kisha ingiza sindano kutoka mbele, sentimita 4 hivi kutoka mahali unapotaka kuanza, katika mstari uleule utakaoushona. Fundo litabaki juu ya kitambaa. Shona ukilifuata, na mishono itaufunika uzi ulioko nyuma. Ukilifikia fundo, likate. Limemaliza kazi yake.

Mishono ielekee upande mmoja

Kwa rangi inayojaza safu ndefu, piga kwanza nusu za misalaba, zote zikilala upande mmoja, mpaka mwisho wa safu. Kisha rudi ukizikata kwa nusu ya pili. Nusu za juu zote zielekee upande mmoja katika kitambaa kizima. Ukichanganya, mwanga utazipiga tofauti na ua litaonekana lina madoa.

Ukishona hivyo, nyuma kutakuwa na mistari mifupi iliyosimama, imepangana kama meno ya kitana. Hicho ndicho kipimo chako. Ukiona uzi umelala mshazari nyuma, ujue kuna mahali uliruka.

Usivute uzi kwa nguvu. Mshono ulale juu ya kitambaa bila kukikunja. Kila baada ya mishono kumi hivi, iachie sindano ining'inie ili uzi ujisokotoe wenyewe. Uzi ukianza kujifunga, usiuvute. Ingiza ncha ya sindano katika kitanzi kilichojitengeneza, ukilegeze polepole. Fundo ambalo halijakazwa hufunguka kwa urahisi.

Kumaliza na kuhama

Uzi ukibaki sentimita 8 hivi, acha kushona. Peleka sindano nyuma, uipitishe chini ya mishono minne au mitano, kisha urudi kinyume chini ya miwili. Kurudi huko kunasaidia sana kwa vitu vinavyofuliwa mara kwa mara. Kata uzi karibu kabisa na mshono.

Ukitaka kuhama kwenda ua jingine, usiruke zaidi ya sentimita moja hivi. Kama njiani kuna mishono, pitisha uzi chini yake. Kama hakuna, maliza hapo na uanze upya kule. Ni kweli kwamba utatumia uzi zaidi kidogo, lakini uzi mweusi au mwekundu ulioruka nyuma ya kitambaa cheupe huonekana mbele kama kivuli, na hakuna sabuni ya kuuondoa.

Ukidarizi kitu cha mtoto mchanga

Hapa naomba tusikilizane vizuri, kwa sababu hili si suala la urembo tu. Vidole vya mtoto mchanga ni vidogo sana, naye hawezi kusema panapomuuma. Uzi ulioachwa wazi ndani ya soksi, glavu au shali unaweza kujizungusha kwenye kidole chake. Kila akirusha mguu, uzi unakaza. Damu hushindwa kurudi, kidole huvimba, na uvimbe huo huzidi kuubana uzi. Ukichelewa, kidole kinaweza kupotea.

Mama mmoja alileta kliniki mtoto wa miezi miwili aliyelia tangu usiku. Hakuwa na homa, tumbo lilikuwa laini, na ziwa alilikataa. Tulipomvua soksi zilizodariziwa vizuri kwa mbele, tulikuta uzi umezunguka kidole cha mguu, nacho kimekuwa chekundu kilichoiva. Uzi ulitolewa na kidole kikapona. Mama yule alikuwa amemchunguza mwanawe mwili mzima, isipokuwa ndani ya soksi.

Kwa hiyo, mtoto akilia bila kunyamaza na huoni sababu, mvue nguo zote. Tazama kila kidole cha mkono na cha mguu, na kwa mtoto wa kiume tazama pia uume. Ukikuta uzi au unywele uliozunguka na hautoki mara moja, au umezama kwenye ngozi, mpeleke kituo cha afya saa hiyohiyo. Usingoje asubuhi.

Kinga ni bora kuliko tiba. Soksi na glavu za mtoto ni heri zisidariziwe kabisa. Kwenye shali au gauni lake, funika nyuma ya maua kwa bitana ya pamba laini, uishone pande zote. Kabla ya kumvisha, geuza nguo ndani nje na ukate kila uzi unaoning'inia. Zawadi tunazopeleka tunapokwenda kumtazama mzazi zikaguliwe vivyo hivyo kabla hazijafungwa kwenye karatasi.

Kufua na kupiga pasi

Kabla ya kufua, bonyeza pamba nyeupe yenye maji juu ya rangi nyekundu na nyeusi. Pamba ikipata rangi, fua kitambaa peke yake kwa maji baridi na suuza mpaka maji yawe meupe. Usikikamue kwa kukisokota. Kiviringishe ndani ya taulo kavu ulibonyeze.

Tandaza taulo, laza kitambaa kifudifudi, yaani maua yakitazama chini, na upige pasi kwa nyuma. Misalaba itazama ndani ya taulo na kubaki imeinuka. Kama hukupiga fundo, pasi itateleza bila kukwama popote.

Unayetaka kumfundisha binti yako, au wasichana wa kikundi cha kushona kanisani, mpe kila mmoja kipande kidogo ashone herufi ya kwanza ya jina lake. Akimaliza, anza kwa kutazama nyuma. Sifia mistari iliyosimama, mwonyeshe ile iliyoruka, ndipo ugeuze mbele. Akizoea kukaguliwa hivyo, atajifunza kujikagua mwenyewe, na siku atakapomdarizia mtoto shali hutakuwa na wasiwasi.