Nani Apate Barabara Kwanza? Utangulizi wa Somo la Maendeleo ya Maeneo

Somo hili linauliza swali zito: kwa nini mtoto aliyezaliwa Mandera na mwenzake aliyezaliwa Nyeri, raia wa nchi moja, Kenya, na wenye haki sawa, huanza maisha wakiwa mbali hivyo katika maji, shule, hospitali na barabara? Na serikali, ikitaka kwa dhati, ifanye nini?

Wachumi wengi waliamini kwamba pengo la namna hii litajiziba. Mtaji utakimbilia mahali penye ujira mdogo, wafanyakazi watahamia penye ujira mkubwa, na mwishowe pande zote zitakutana. Mwaka 1957 mchumi Gunnar Myrdal wa Uswidi alilikataa wazo hilo. Alionyesha kwamba mahali palipotangulia huendelea kuvuta vijana, mabenki, viwanda na wataalamu, na kila wanaohama huacha kwao kukiwa dhaifu zaidi ya jana. Mwaka uliofuata mchumi mwenzake Albert Hirschman alikubali kwamba mvuto huo upo, ila akaongeza kuwa eneo lililokua linaweza kuyanufaisha majirani kwa kununua mazao yao na kuwapa kazi watu wao. Kati ya mawazo hayo mawili ndipo mjadala wetu ulipozaliwa. Wote wawili walikubaliana kwamba serikali haiwezi kukaa pembeni.

Kenya inatufundisha vizuri kwa sababu pengo lake lina historia iliyoandikwa. Reli iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896 ilifika Ziwa Victoria mwaka 1901, na kando yake walowezi wakapewa ardhi yenye rutuba. Kaskazini, wakoloni walilinda mpaka na kuzuia watu kusafiri, lakini huduma hazikupelekwa. Baada ya uhuru, Waraka wa Serikali Nambari 10 wa mwaka 1965 ulielekeza fedha za maendeleo ziende kwanza pale zitakapozaa haraka: penye mvua, udongo mzuri, barabara na umeme. Matumaini yalikuwa kwamba mavuno yake yangesambazwa baadaye kwingineko. Hoja hiyo ilikuwa na mantiki ya kihasibu, lakini maeneo kame na nusu kame ni zaidi ya asilimia 80 ya ardhi ya Kenya. Wafugaji wa huko walisubiri zamu yao kwa karibu nusu karne.

Katiba ya mwaka 2010 iligeuza mwelekeo. Iliunda kaunti 47 na kuzihakikishia angalau asilimia 15 ya mapato ya taifa. Kifungu cha 204 kikaanzisha Hazina ya Usawazishaji: nusu ya asilimia moja ya mapato ya kila mwaka, itumike kupeleka maji, barabara, vituo vya afya na umeme katika maeneo yaliyotengwa hadi yakaribie kiwango cha wengine. Mwaka 2013 Tume ya Ugavi wa Mapato ilitaja kaunti 14 kuwa zilizotengwa. Baadaye iliona kwamba hata ndani ya kaunti yenye nafuu kuna vijiji vilivyosahauliwa, ikaanza kutambua maeneo madogo badala ya kaunti nzima.

Hapo mwanafunzi wa somo hili hukutana na chombo chake cha kwanza, yaani fomula ya mgao wa fedha kwa kaunti. Fomula ya kwanza ya Kenya iliweka asilimia 45 kwa idadi ya watu, 25 kwa mgao sawa kwa kila kaunti, 20 kwa umaskini, 8 kwa ukubwa wa ardhi na 2 kwa nidhamu ya fedha. Kila tarakimu hapo ni uamuzi kuhusu haki. Kaunti ya Vihiga haifikishi kilomita za mraba 600. Ya Marsabit inazidi 60,000. Ukihesabu vichwa peke yake, zahanati ya Marsabit inayohudumia watu wachache waliotawanyika itaonekana anasa. Ukihesabu ardhi peke yake, foleni za wagonjwa wa Vihiga hazionekani. Mwaka 2020 Seneti ilikwama vikao kadhaa juu ya suala hilohilo, huku wengine wakidai mtu mmoja, kura moja, shilingi moja. Muafaka ulipatikana Septemba, kwa vigezo vipya kama afya, kilimo na barabara.

Tanzania ilipitia njia nyingine. Mpango wa Pili wa Miaka Mitano, 1969 hadi 1974, ulichagua miji tisa, ikiwemo Tanga, Mwanza, Mbeya na Mtwara, ili viwanda visirundikane Dar es Salaam. Mwaka 1973 ikaamuliwa makao makuu yahamie Dodoma. Katika muongo huohuo serikali ilinunua mahindi kwa bei moja nchi nzima, hivyo mkulima wa Rukwa alilipwa sawa na aliye karibu na soko. Uzalishaji wa nyanda za juu kusini ulipanda. Lakini gharama ya kusafirisha ililielemea shirika la serikali lililonunua nafaka, na mageuzi ya uchumi yaliyoanza miaka ya 1980 yakaiondoa bei hiyo. Sera ilikuwa ya haki, ila haikuwa na fedha za kuidumisha.

Kudumu kuna upande wa pili, nao ni ardhi na wenyewe. Karibu na Loiyangalani, Marsabit, mitambo 365 ya upepo ina uwezo wa kutoa megawati 310 kwa gridi ya taifa. Ni nishati safi, na nchi inaihitaji. Hata hivyo mwaka 2021 Mahakama ya Mazingira na Ardhi huko Meru iliamua kwamba hatimiliki za ardhi hiyo zilitolewa kinyume cha sheria, baada ya wafugaji kulalamika kuwa hawakushirikishwa. Mradi unaoifaa hewa ya dunia bado unaweza kumdhulumu jirani yake. Mtafiti mzuri huuliza mambo yote mawili kwa pamoja.

Ukianza somo hili, anza na bajeti ya kaunti au halmashauri yako. Tafuta kata ipi ilipata kisima, ipi iliahidiwa, na nani aliamua. Kisha nenda ukaone kama kisima kinatoa maji. Hazina ya Usawazishaji ilipewa miaka 20, na fedha zake zilicheleweshwa na mivutano ya nani azisimamie, hata mahakamani. Muda wake unakwisha mwaka 2030, isipokuwa Bunge liurefushe. Wabunge watahitaji ushahidi wa watu waliohesabu, waliopima na waliosikiliza. Jiunge nasi uwe mmoja wao.