Kitufe cha Dharura: Faida Haiko Kwenye Kidude

WAFANYABIASHARA wanaofikiria kuagiza vitufe vya dharura kwa ajili ya wazee wanaoishi peke yao wanashauriwa kupiga hesabu upya kabla ya kutoa fedha.

Bidhaa yenyewe si ngeni. Nchini Marekani, Andrew Dibner alianzisha kampuni ya Lifeline mwaka 1974. Mteja huvaa kitufe, akianguka hukibonyeza, na simu ya nyumbani hupiga kituoni. Vya siku hizi vingi vina laini ya simu ndani yake. Muuzaji hapati kikubwa kwenye kidude. Anakula ada ya mwezi, inayolipia watu wanaokaa kuitika usiku na mchana.

Chukua Mbozi Mission, kwenye kahawa na hospitali ya Kanisa la Moravian. Kijana anafanya biashara mpakani Tunduma, mama amebaki shambani. Mama akianguka na kubonyeza, simu inalia Tunduma, kwenye foleni ya malori. Kijana atafanya nini? Atampigia jirani, kama jirani ana chaji.

Pengo hilo ndilo biashara. Mpango wa m-mama, uliozinduliwa kitaifa mwaka 2022, umeonyesha njia: mtu anapiga 115 bure, kituo kinatafuta gari la wagonjwa, na likikosekana kinaita dereva wa kijijini aliyesajiliwa, ambaye hulipwa kwa simu. Lakini huo ni wa wajawazito, waliojifungua na watoto wachanga. Mzee aliyevunjika nyonga hayumo.

Kwa hiyo anayetaka kuuza Mbozi aanze na bodaboda wawili au watatu wa karibu waliokubaliana malipo kwa kila safari, ndipo atafute kidude. Ada asimdai mzee, kwani fedha ya kahawa huja kwa msimu; amdai mtoto aliye mjini, ambaye hushika fedha mwaka mzima na ndiye mwenye hofu.

Gharama zilizojificha nazo zipo. Vifaa vya mawasiliano vinahitaji idhini ya TCRA, na shehena isiyo nayo ni hasara tupu. Laini lazima isajiliwe kwa alama za vidole, na ikikaa bila kutumika hufungwa, hivyo kitufe kijaribiwe kila mwezi. Tena umeme ukikatika siku mbili, kidude chenye betri ndogo hubaki pambo la shingoni. Mwagizaji aombe sampuli chache, azijaribu huko huko bondeni mtandao unakosumbua.