Filamu zinazosema Kiswahili chetu, na bado hatujazitazama

Asubuhi yoyote ile Butembo, mashariki mwa Congo, soko likiwa bado halijachangamka, utawakuta wanaume wakisukuma baiskeli zilizosheheni magunia ya makala. Mzigo umefungwa kamba juu kwa juu hadi baiskeli yenyewe haionekani. Mlima ukiwa mkali, mwenzao mmoja anasukuma kutoka nyuma, jasho likimtiririka licha ya baridi. Sisi tunawapisha, tunauliza bei, tunaendelea na safari.

Mtu huyo tunayempisha kila siku ana filamu yake. Inaitwa Makala, neno lilelile tunaloitia mkaa hapa kwetu. Mfaransa Emmanuel Gras aliipiga Katanga, na mwaka 2017 ikatwaa tuzo kuu ya Juma la Wakosoaji kwenye tamasha la Cannes. Watu wake wanazungumza Kiswahili cha Congo, kile cha jikoni na cha sokoni. Lakini jaribu kuwauliza majirani zako wa Butembo au Beni kama wamewahi kuisikia. Mimi nimeuliza, na mara nyingi nimejibiwa kwa kutikiswa kichwa.

Kabwita Kasongo ni kijana wa kijijini, si mbali na Kolwezi. Yeye na mkewe Lydie wana ndoto moja: kujenga nyumba yao na kuiezeka kwa mabati. Filamu inaanza na mtu anayetembea na shoka. Anafika kwenye mti mkubwa, anaanza kukata. Shoka linapiga, linapiga tena, na kamera haina haraka. Mtazamaji anachoka pamoja na mkataji, na mti unapoanguka, anaelewa kwamba gunia la makala linaanza na mgongo wa mtu. Kisha kuni zinapangwa, zinafunikwa kwa udongo, moshi unafuka polepole.

Baada ya hapo ni barabara. Kabwita anasukuma baiskeli yake takriban kilomita 50 hadi mjini. Malori yanampita kwa kasi na kumwagia vumbi, na usiku taa zao zinammulika peke yake gizani. Wapo wanaomtoza kabla hajapita. Akifika sokoni, wanunuzi wanalalamikia bei, kana kwamba makala yalijileta yenyewe. Akiulizia mabati, anakuta pesa yake haifiki mbali. Na bado ndani ya safari hiyo kuna binti yake anayeishi mjini kwa ndugu, ambaye baba amemletea viatu.

Hakuna sauti ya msimulizi inayotuambia tumhurumie. Hapo ndipo ukubwa wa filamu hii ulipo. Gras anamtazama Kabwita kama fundi mwenye kazi yake na hesabu zake kichwani. Tumezoea kuona Congo ya Mashariki ikionyeshwa duniani kwa risasi na machozi tu. Makala inaonyesha kitu kingine tulicho nacho kwa wingi: watu wanaofanya kazi.

Filamu ya pili ninayoiombea watazamaji imetengenezwa na mtoto wa nchi, Dieudo Hamadi wa Kisangani. Maman Colonelle, ya mwaka huohuo wa 2017, inamfuata Kanali Honorine Munyole, polisi mwanamke aliyekabidhiwa kazi ya kulinda watoto na kupambana na ubakaji. Anahamishwa kutoka Bukavu kwenda Kisangani, na wanawake wa Bukavu wanamuaga kwa uchungu. Huko aendako anakuta watoto wanaoteswa kwa kusingiziwa uchawi. Anakuta pia wanawake wanaobeba majeraha ya vita vya siku 6 vya Juni 2000, pale majeshi ya Rwanda na Uganda yalipopigana mjini Kisangani. Bajeti hana, basi anawaomba wananchi wenyewe wachange.

Kilio cha wahanga wale Hamadi hakukiacha njiani. Mwaka 2020 alitoa En route pour le milliard. Katika filamu hiyo wahanga, wengine wakiwa wamekatwa miguu au mikono, wanapanda boti iliyojaa pomoni na kuteremka mto Congo hadi Kinshasa kudai fidia. Mvua inawanyeshea juu ya boti, na wanagombana, wanaimba, wanabebana. Filamu hiyo ilichaguliwa Cannes. Miaka miwili baadaye, Februari 2022, Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliiamuru Uganda iilipe Congo dola milioni 325 kwa madhara ya vita vyake nchini humo vya mwaka 1998 hadi 2003, yakiwemo yale ya Kisangani. Anayeishi Beni, ambako familia nyingi zimezika watu wao bila kusikia jina la aliyewaua, atajua mara moja kwa nini watu wasio na miguu walikubali safari ile.

Kwa nini basi filamu hizi hazijatufikia? Sababu ya kwanza ni njia. Zinazunguka kwenye matamasha ya Ulaya, na sisi kumbi za sinema hatuna. Ya pili ni mazoea: kwetu filamu ni mapigano, au mapenzi ya kutoka Tanzania. Sizidharau hizo. Marehemu Steven Kanumba alipendwa sana Congo kwa sababu alituonyesha raha ya kuketi mbele ya kioo na kusikia Kiswahili. Kiu tunayo, kisima ndicho hatujaonyeshwa.

Goma wametuonyesha njia. Petna Ndaliko Katondolo, mtengenezaji filamu, na kituo cha Yole!Africa wamewazoesha vijana kutengeneza filamu na kuzijadili. Butembo na Beni tuna vyuo vikuu, parokia, redio na vijana wenye kamera. Kuonyesha filamu moja kunahitaji ukuta mweupe, projekta, umeme wa saa mbili, na barua ya kuomba ruhusa kwa wenye filamu. Baada ya kuonyesha, watu wabaki wazungumze. Na wale wasukuma baiskeli wakaribishwe viti vya mbele, kwa maana wao ndio wajuzi wa habari yenyewe.

Tuanze na Makala. Ni dakika 96, na mtu wa Butembo hahitaji mkalimani.