Kafi na Injini Katika Ziwa Moja

Wahenga walisema kwamba wapiganapo tembo, ziumiazo ni nyasi. Katika maziwa yetu ya Edward na George chombo chenye nguvu hupita kila siku karibu na chombo kinyonge bila ya ugomvi wowote, na hata hivyo nyasi huumia. Nyasi hizo ni mtumbwi wa mbao, wenye watu wawili na makafi mawili, unaotafuta riziki ya nyumba nzima. Makala haya yanamhusu askari ashikaye usukani wa boti, yanamhusu mvuvi, na yanamhusu pia mama wa Bwera au Kasese anayengoja samaki afike sokoni.

Maji tunayoshirikiana

Ziwa Edward lina eneo la kilometa za mraba zipatazo 2,300, na sehemu iliyo kubwa imo katika Kongo. Fungu la Uganda halifiki theluthi moja. Ziwa George ni dogo zaidi, lapata kilometa za mraba 250, na kina chake kwa wastani hakifiki meta tatu. Mfereji wa Kazinga, wenye urefu wa kilometa 32 hivi, huyaunganisha maziwa hayo mawili. Upande wa Uganda, sehemu kubwa ya pwani zake imo katika Hifadhi ya Taifa ya Queen Elizabeth, iliyoanzishwa mwaka 1952, na ndani yake mna vijiji vya wavuvi kama Katwe, Kayanja, Katunguru, Hamukungu, Kahendero na Kasenyi.

Mvuvi hutega nyavu zake jioni na kwenda kuzitoa alfajiri. Hutafuta ngege, semutundu, kambale na mamba, yaani yule samaki wa matopeni. Katika maji hayo hayo hupita boti za watalii zitokazo Mweya, boti za mizigo, na boti za doria. Mwaka 2017 askari wa UPDF walipewa kazi ya kulinda uvuvi katika maziwa ya Uganda, na polisi nao wana kikosi chao cha majini. Kazi hiyo ni ya lazima, kwa maana nyavu haramu humaliza samaki wachanga. Lakini boti inayolinda samaki haina budi kumlinda na mvuvi pia.

Wimbi la nyuma

Waendeshaji wengi hudhani kwamba hatari iko katika kugongana tu. Sivyo. Mtumbwi uliojaa nyavu na samaki huwa umezama sana, na ukingo wake husimama juu ya maji kwa kadiri ya shubiri moja au mbili. Wimbi linaloachwa na injini laweza kuujaza maji hali boti iliyolileta imekwisha kwenda mbali.

Tena liko jambo ambalo wengi hawalijui: kupunguza mwendo nusu tu hakusaidii. Boti inapokwenda kwa mwendo wa kati, pua yake ikiinuka na tezi ikididimia, ndipo inapolima maji na kuinua wimbi kubwa kuliko yote. Yafaa mwendeshaji apunguze mapema, akiwa bado mbali, mpaka boti ilale sawasawa juu ya maji na kwenda kama mtu atembeaye kwa miguu. Katika Ziwa George ahadhari zaidi, kwa kuwa maji ni machache, na panka ya injini hukata nyavu upesi.

Mvuvi naye ana wajibu wake. Aonapo wimbi linakuja asilipe ubavu; aelekeze omo ya mtumbwi kwenye wimbi, akae chini, wala asisimame kupunga mikono. Kopo la kufulia maji liwe karibu, limefungwa kwa kamba.

Taa na haki ya njia

Kanuni za kimataifa za kuzuia migongano baharini, zilizowekwa mwaka 1972, zina mafundisho yafaayo hata ziwani. Vyombo viwili vya injini vikikutana uso kwa uso, kila kimoja huelekea kuume. Chombo cha injini kinachosafiri humpisha yule anayevua kwa nyavu. Na chombo cha makafi, usiku, hutakiwa angalau kuwa na taa nyeupe au tochi tayari mkononi, iwashwe mapema kabla ya hatari kufika.

Tochi moja ina faida mbili. Humwonyesha mwenye boti pa kupita, na humwonyesha askari wa doria kwamba huyu hajifichi. Mtumbwi usio na taa karibu na mpaka huleta shaka upesi, na mpaka wa Ziwa Edward hauna ukuta wala nguzo. Mwezi Julai 2018 wanamaji wa Uganda na wa Kongo walipigana kwa risasi katika ziwa hilo, na watu wakapoteza maisha. Kwa hiyo askari na aite kwanza, akaribie polepole, wala asiutumie wimbi kama fimbo.

Kibanda cha pwani

Mvuvi aliyechelewa hulala ufukweni. Ndugu zetu wa pwani ya bahari huita kambi ya namna hiyo dago. Huegemeza matete au turubai juu ya nguzo mbili, upande mmoja ukiwa wazi, kisha hukoka moto. Ndani ya hifadhi haijuzu kulala popote. Ni katika mwalo au mahali palipoidhinishwa tu.

Hata mwaloni, tazama ardhi kabla ya kuchimba nguzo. Njia iliyochimbika na kulainika ni njia ya kiboko. Hutoka usiku kula nyasi, na hurudi majini kabla ya jua kupanda. Amkutaye mtu kati yake na maji humshambulia. Kafi halina kelele, basi upitapo karibu na viboko gonga ubavu wa mtumbwi wakusikie, wala usipite katikati ya kundi.

Wajibu wa nyumbani

Akina mama, mume au kijana anapoaga, muulize mambo manne: jaketi la kuokolea, tochi, kopo, na mahali atakapotega. Mkubaliane saa ya kurudi, na ikipita, habari ifike kwa viongozi wa mwalo bila kungoja kesho. Jaketi lililotundikwa ukutani halimwokoi mtu.

Nanyi askari wetu, injini mliyopewa ni amana. Ipunguzeni mnapouona mtumbwi, kwani samaki anayeuzwa Mpondwe na kupikwa jikoni mwenu alitolewa majini na watu hao hao.