Kawa yetu isilale njiani

Sisi wa kando ya Ziwa Kivu tunakumbuka wakati kawa ilivuka usiku kwa mtumbwi kwenda Rwanda, ikauzwa bei ya kutupa. Wenzetu wengi walizama. Leo inatoka mchana, na karatasi zake, kwa kamiyo mpaka bandari ya Mombasa ao Dar es Salaam. Safari ni ndefu, na kila siku ya kungoja tunailipa siye wakulima.

Kontena moja ya futi 20 inabeba magunia karibu 320 ya kilo 60. Koperative ndogo haiijazi peke yake, na kontena nusu inalipiwa karibu sawa na nzima. Mwaka mmoja tuliita kamiyo wakati magunia 40 yalikuwa bado. Tukangoja. Mvua ikanyesha, depo ikavuja. Kawa tuliyoikausha mpaka maji asilimia 12 ikanyonya unyevu tena, na mnunuzi akapunguza bei. Kosa lilikuwa letu, tuseme ukweli.

Sasa kila gunia lina namba, na sekretere anaiandika ndani ya simu: kilo, tarehe, kituo cha kuosha, kiasi cha maji. Hesabu tunaiunganisha na ya koperative jirani mbele mavuno hayajaisha. Cheti cha ONAPAC kinaombwa mapema. Kamiyo inaitwa mwisho. Simu haitengenezi barabara, lakini inatuonyesha pungufu mapema.

Tafazali, wiki hii kila mwanachama alete hesabu ya magunia yake, hata kama ni mawili tu.